Unataka kuwa injinia wa kutesti mitandao ya simu ya klaudi? Anza kwa kujifunza kuivunja

Mtandao ukikata saa moja jioni, nenda kasimame kwa wakala wa pesa za simu uangalie. Mama gesi imemwishia anataka kutoa elfu ishirini na tano, bodaboda anasubiri hela iingie ndo aondoke, wakala anabonyeza, anarudia, anarudia tena, "subirini kidogo jamani mtandao unasumbua". Mimi kabla sijaingia kwenye kutesti nilikaa miaka mitatu NOC, kile chumba cha kuangalia mtandao saa 24 chenye maskrini ukutani, na usiku wa kwanza nilipoona alama zimegeuka nyekundu zote kwa mpigo nilielewa kwamba kwetu sisi mtandao ukilala hela nayo inalala, dawa hainunuliwi, mtu anakwama stendi. Toka siku ile nikawa nataka kuwa upande wa wale wanaoligundua tatizo kabla halijafika kwa yule mama.

Naandika hii kwa ajili ya mdogo wangu uliyemaliza DIT, CoICT, JKUAT au popote pale, umesoma telecom au kompyuta na hujui uelekee wapi. Hii kazi ipo, ni nzuri, na watu wanaoijua vizuri ni wachache kuliko unavyodhani.

Kitu cha kwanza uweke kichwani ni hiki maana wengi wanakosea hapa: wanadhani anayetesti kazi yake ni kuthibitisha kwamba kitu kinafanya kazi. Hiyo ni robo tu ya kazi. Mtandao usiokufa haupo, kwa hiyo unacholipwa ni kujua utakufa vipi, ukifa nani anaumia, na utarudi baada ya sekunde ngapi. Hilo swali la sekunde ngapi ndo kazi yenyewe, na nitalirudia sana humu.

Klaudi imebadilisha nini

Zamani kiini cha mtandao wa simu, yaani ile sehemu inayojua laini hii ni ya nani, iko mnara gani na inaruhusiwa kufanya nini, kilikuwa makabati ya chuma kutoka kampuni moja, vifaa na programu vimefungwa pamoja. Mwaka 2012 kundi la kampuni za simu likakutana chini ya ETSI, shirika la viwango la Ulaya, wakaanza mpango wa kuzitoa zile programu kwenye makabati ziende kukaa kwenye seva za kawaida, wakauita NFV. Aprili 2020 Rakuten Mobile ya Japani ikafungua huduma kwa mtandao uliojengwa hivyo toka msingi. Dish ya Marekani yenyewe ikaweka kiini chake cha 5G juu ya klaudi ya Amazon, yaani seva za kukodi. Huku kwetu Vodacom Tanzania na Safaricom wote walizindua 5G kibiashara mwaka 2022, na viwango vya kiini cha 5G vimeandikwa toka mwanzo vikae kwenye klaudi, vipande vyake vingi vinaongea kwa HTTP/2 kama tovuti tu za kawaida.

Sasa kwa mtu wa kutesti hapo ndo mambo yanakuwa matamu. Kabati la zamani lilikuwa na kadi mbili, moja ikifa nyingine inashika usukani, basi. Leo una seva, juu yake Linux, juu yake Kubernetes (msimamizi anayepanga programu zikae seva gani na kuzinyanyua zikifa), juu yake kontena (kifurushi cha programu na vitu vyake), ndani ya kontena ndo programu ya simu yenyewe, na kila tabaka lina akili yake ya kujiokoa na lina taima zake. Chini wanasema nodi, yaani seva moja kati ya hizo, bado iko hai, juu wanasema imekufa, katikati wanasema tusubiri kidogo. Yale matabaka yasipoelewana ndo mtandao unapoangukia, na hakuna mtu atakayeliona hilo kwenye karatasi, lazima mtu akae alivunje aangalie.

Vya kujua kabla hujaanza

Hapa sitakaa sana maana kila mtu anaandika hivi vitu. Linux ya kweli, uwe unaweza kusoma logi, kuangalia nani anasikiliza bandari gani, kunasa pakiti kwa tcpdump bila kugugo kila dakika. Netiweki: rauting, VLAN, BGP, na uongeze SCTP ambayo vyuo vingi wanaipita juu juu wakati mnara wa 4G na 5G unaongea na kiini kupitia hiyo. Python ya kutosha kuandika skripti ya kurasa mbili. Git. Kiingereza cha kusoma viwango, maana vyote viko kwa Kiingereza.

Kwenye viwango vya 3GPP, lile kundi linaloandika viwango vya mitandao ya simu duniani, usianze kusoma kila kitu utakata tamaa, ni maelfu ya kurasa. Chukua namba mbili tu: TS 23.501 inayoeleza vipande vya 5G ni vipi, na TS 23.502 inayochora safari za meseji, nani anamwambia nani nini. Chagua safari moja, ile ya simu kujisajili inapowashwa, iprinti, ibandike ukutani. Nilifanya hivyo na 4G enzi zangu na mpaka leo naweza kuichora nikiwa nimefumba macho.

Jenga mtandao wako chumbani

Usisubiri kuajiriwa ndo uguse 5G. Laptopu yenye ramu GB 8 inatosha kabisa, hata ile ya mtumba ya Kariakoo, weka Ubuntu. Pakua Open5GS, hiki ni kiini cha 4G na 5G cha bure, na UERANSIM ambayo inaigiza mnara na simu. Unapata AMF inayosajili simu, SMF inayopanga vikao vya data, UPF inayobeba data yenyewe, NRF ambayo ni kama daftari la vipande vyote, na wengine. Kwa namba ya mtandao tumia 001 na 01 ambayo ni ya majaribio, usiweke 640 ya Tanzania wala 639 ya Kenya, jizoeze nidhamu hiyo toka siku ya kwanza. UERANSIM haitoi mawimbi hewani, redio yake ni ya kuigiza ndani ya kompyuta, kwa hiyo hapa hakuna kibali cha kuomba. Ila siku ukinunua kifaa cha redio cha kweli usithubutu kukiwasha kwenye masafa ya watu bila kuzungumza na wasimamizi wa mawasiliano, TCRA Tanzania au CA Kenya, kwanza, unaweza kukata simu za mtaa mzima na kesi ukaipata.

Simu yako ya kuigiza ikijisajili itatokea kadi ya mtandao inaitwa uesimtun0. Piga ping kupitia hiyo kadi. Jibu likirudi, mdogo wangu, umejenga mtandao wa 5G chumbani kwako, na siku hiyo unaruhusiwa kumpigia mama kumwambia hata kama hataelewa.

Halafu fungua Wireshark usome pakiti moja moja ukilinganisha na ile karatasi ya ukutani. Meseji za mnara na AMF ziko kwenye SCTP bandari 38412, SMF na UPF wanaongea UDP 8805, data ya mtumiaji inapita UDP 2152. Hizi namba tatu utaziona maisha yako yote ya kazi. Kaa hapo wiki mbili usiwe na haraka, mtu anayeweza kusoma pakiti hashindwi kazi hii, na asiyeweza atabaki anasema "haifanyi kazi" mpaka astaafu.

Ukishazoea, hamishia vyote kwenye Kubernetes, na usitumie nodi moja. Tengeneza mashine pepe tatu hata kama zitakuwa dhaifu, k3s, ambayo ni Kubernetes nyepesi, inakubali. Kwa nini tatu nakuja huko sasa hivi.

Sasa vunja

Kabla hujavunja weka kipimo. Njia rahisi kuliko zote ni kutuma pakiti kwa mwendo unaojulikana na kuhesabu zilizopotea. Ukiwa root piga ping yenye -i 0.01 kupitia uesimtun0, hizo ni kama pakiti 100 kwa sekunde, kila moja iliyopotea ni milisekunde 10. Zimepotea 350? Mtandao ulikatika sekunde 3 na nusu. Hakuna kubishana tena na mtu eti "ilikatika kidogo tu", namba iko mezani.

Halafu andika utabiri wako kwenye daftari KABLA ya kubonyeza. Nikiua AMF sasa hivi, aliyekuwa anaangalia video anakatika au anaendelea? Anayewasha simu dakika hii anaingia? AMF ikirudi, nani anatakiwa kujisajili upya? Andika, ua, angalia. Pale utabiri na ukweli vinapogombana ndo pana ama bagi ama kitu hukukielewa, na vyote viwili ni faida.

Nikusimulie kosa lililonifundisha, lilitokea sehemu niliyofanya kazi, jina halina haja. Tulikuwa na testi ya podi kufa (podi ni kontena moja au chache ambazo Kubernetes anazisimamia kama kitu kimoja), inajiendesha kila usiku, kila asubuhi kijani, miezi na miezi. Tunaua podi kwa kubectl delete, nyingine inanyanyuka ndani ya sekunde chache, tunafurahi. Ikaja siku ya mteja kukagua mtambo kabla ya kuuwasha, fundi wao mmoja mtu mzima mpole hakuongea sana, akazunguka nyuma ya raki akachomoa waya wa umeme wa seva moja. Tukasubiri. Dakika moja. Dakika mbili. Watu wanaangaliana. Sehemu ile ya huduma ilirudi karibu dakika ya sita.

Nilirudi nyumbani sikulala nikawa nasoma. Ukiitumia delete unaiua podi kwa adabu, inaambiwa funga kazi zako, inapewa mpaka sekunde 30 iage, na Kubernetes anajua papo hapo kwamba anahitaji nyingine. Ukichomoa umeme hakuna aliyeaga. Kubernetes anasubiri kama sekunde 40 (matoleo mapya 50) ndo akubali kwamba ile nodi haijibu, halafu kwa mipangilio ya kawaida anazipa podi zake sekunde nyingine 300 kabla ya kuzihamishia kwingine, akihofia labda nodi itarudi. Jumla dakika 5 na sekunde 40 hivi. Na kama ni StatefulSet, yaani podi zenye utambulisho na data zao, hali ni mbaya zaidi, haitanyanyuka kwingine mpaka mtu athibitishe kwamba nodi ile imekufa kweli au iondolewe.

Sasa piga hesabu. Kampuni za simu zinapenda kusema tisa tano, asilimia 99.999. Mwaka una dakika 525,600, kwa hiyo ruhusa yako ya kukatika mwaka mzima ni dakika 5 na sekunde 15 tu. Waya mmoja uliochomolewa Januari umekula mwaka mzima na umebaki na deni! Wala hakukuwa na bagi kwenye programu yetu, kila tabaka lilifanya kama lilivyoandikwa. Hizo sekunde 300 zinabadilishika kwa mistari miwili ya setingi, ila lazima ujue zipo. Ndo maana nikasema nodi tatu: uzime moja ghafla, kwa kuikatia umeme na sio kwa kuishatdauni vizuri, uhesabu sekunde.

Kifo kamili lakini ni rahisi kukitesti. Kigumu ni ugonjwa. Seva iliyokufa kila mtu anaona, ila kebo inayodondosha pakiti 2 katika kila 100, au diski iliyokuwa nzito, inaonekana nzima kwenye kila dashibodi wakati wateja wanalia. Linux ina kitu kinaitwa netem ndani ya amri ya tc, unaweza kuiambia ipoteze asilimia 2, icheleweshe milisekunde 200, ichanganye mpangilio wa pakiti. Jaribu hiyo katikati ya AMF na mnara uangalie SCTP inavyohangaika, kwa taima zake za kawaida inaweza kuchukua zaidi ya dakika ndo ikubali kwamba njia imekufa. Jaribu pia upande mmoja tu, pakiti zinaenda hazirudi. Mimi nikiwa na siku moja tu ya kutesti mtambo, nusu ya siku naitumia hapa.

Ajali za wakubwa ni mitaala ya bure

Kila mtandao mkubwa unapoanguka na ripoti ikatoka, isome halafu jiulize ni testi gani ingeiona. Nakupa ninazozitumia kufundishia vijana wangu.

Tarehe 6 Desemba 2018, O2 Uingereza na SoftBank Japani walikosa mtandao siku hiyo hiyo, mamilioni ya watu pande zote mbili. Ericsson waliowauzia mitambo wenyewe walisema chanzo ni cheti cha kidijitali ndani ya programu kilichoisha muda wake. Cheti tu, tarehe imefika. Testi yake haina gharama: sogeza saa ya mtambo wa maabara mbele mwaka mmoja, miwili, mitano, uone nini kinakufa. Na uhakikishe kengele inalia siku 90 kabla.

Julai 2022 KDDI ya Japani walikuwa wanabadilisha rauta usiku, matengenezo ya kawaida. Sauti ikakatika muda mfupi, wakarudisha, ila simu zikaanza kujisajili upya kwa wingi, mitambo ya VoLTE (sauti juu ya 4G) ikazidiwa, wakazidi kukwama. Iliwachukua zaidi ya saa 60, na mwanzoni wenyewe walikadiria laini mpaka milioni 39 hivi ziliguswa. Hii ni mafuriko ya kurudi. Kwa hiyo usitesti kwa simu moja, UERANSIM inakuruhusu kuwasha nyingi kwa pamoja, ziwashe mia, ua kiini, kirudishe, pima mpaka simu ya MWISHO iingie. Ya kwanza kuingia haina maana yoyote, nimeona ripoti nyingi zinajivunia ya kwanza.

Rogers ya Kanada, 8 Julai 2022, wiki hiyo hiyo karibu. Walikuwa kwenye kuboresha kiini cha IP, chujio moja la njia likaondolewa kwenye rauta, njia nyingi mno zikamwagika kwenye rauta za kiini zikalemewa. Wateja zaidi ya milioni 12, na malipo ya benki nchi nzima yakayumba. Lakini kilichonigusa mimi ni viwili. Mainjinia wao njia yao ya kuingia kurekebisha ilipita kwenye kiini kile kile kilichokufa. Na minara ilibaki inawaka, kwa hiyo simu nyingi ziling'ang'ania kwenye mtandao uliokufa badala ya kuhamia mwingine kupiga 911, namba yao ya dharura. Weka hizi testi mbili kwenye orodha yako usizitoe: nikiua kiini chote, mimi mwenyewe naingiaje? Na mtu anayepiga 112 dakika hiyo anaenda wapi?

AT&T Marekani, 22 Februari 2024, badiliko moja lenye setingi mbaya, zaidi ya saa 12, simu za sauti milioni 92 zilizuiwa na zaidi ya 25,000 zilikuwa za kwenda 911. Tume ya mawasiliano FCC ilipochunguza ikaandika wazi kwamba badiliko halikupitiwa na mwenzake kama utaratibu unavyotaka na majaribio ya maabara hayakutosha. Nilisoma ile ripoti nikasimama nikatembea kidogo nje, maana hiyo ni kazi yetu sisi imeandikwa pale.

Umeona kitu? Zote hizo hakuna seva iliyoungua. Tatu zilianza mtu alipokuwa anabadilisha kitu, moja ilianza tarehe ilipofika. Kwa hiyo mpango wako wa kutesti ukiwa umejaa seva kufa na hauna kuapdeti, kurudisha toleo la zamani apdeti ikiwa imefika nusu, setingi iliyokosewa kwa makusudi, basi umetesti ajali za miaka ya tisini. Kurudi nyuma hasa. Kila mtu anasema tunaweza kurudisha toleo la zamani, mwambie akuonyeshe, tena watu wakiwa wanapiga simu.

Kweli huku kwetu tuna ajali zetu za chuma na maji pia. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, Tanzania tukaumia sana kwa siku kadhaa. Kama kipande cha mtambo wako kinategemea klaudi iliyoko Ulaya au Afrika Kusini, testi yako lazima iwe na siku ambayo bahari haipo: kata njia yote ya nje, uone kama mtu wa Mwanza bado anaweza kumpigia mtu wa Mbeya. Utashangaa nini kimejificha nje ya nchi, unakuta seva ya kuhakiki leseni tu ndo imeng'ang'ania kila kitu.

Kuandika ripoti na kuishi na madevelopa

Ukipata bagi umefika nusu ya njia. Ripoti yako iwe na toleo gani, nimefanya nini hatua kwa hatua, nilitegemea nini, niliona nini, saa ngapi mpaka milisekunde, faili la pakiti, na imetokea mara ngapi kati ya ngapi. Hiyo ya mwisho watu wanaisahau. "Inafeli" haimsaidii mtu, "inafeli mara 3 kati ya 20 na zote tatu mzigo ukiwa juu" inamwonyesha developa pa kuchimba. Na saa za mashine zote zilingane kwa NTP la sivyo logi zako zitakuwa hadithi.

Testi inayofeli leo kesho inapita usiirudie tu mpaka iwe kijani ukaenda nyumbani. Najua presha ya maneja, toleo linatoka Ijumaa, najua. Ila bagi za mitandao ya klaudi karibu zote zinakaa hapo hapo, kwenye mara 3 kati ya 20, maana ni mambo ya nani kafika kwanza. Maabara una simu mia, nje wako milioni kumi, hiyo mara 3 itatokea kila dakika.

Na usimshushe mtu. Developa alikesha kuiandika hiyo kitu, wewe umeivunja kwa dakika mbili, ukiongea vibaya kesho atakuficha mambo. Mimi huwa namwita mtu pembeni, kaka njoo uone kitu, tunaangalia pakiti pamoja, halafu ndo ripoti inaandikwa.

Ukishakuwa na testi tano unazorudia kwa mkono, ziandikie skripti. Robot Framework ilizaliwa Nokia Networks na ni ya bure, pytest pia ni nzuri, za sauti kuna SIPp. Mashine kubwa za kulipia kama za Spirent na Keysight utazikuta kazini, usihangaike nazo sasa.

Mlango wa kuingilia

Milango ipo mitatu ninayoijua mimi. Kampuni za simu zenyewe, na hapo NOC ndo mlango mpana, usiidharau zamu ya usiku maana utaona mitandao inavyokufa kwa macho yako. Kampuni zinazotengeneza mitambo, Ericsson, Nokia, Huawei, ZTE. Na kampuni ndogo zinazokodishwa kufanya majaribio ya kupokea mtambo, hizi nyingi zinachukua watu wa mbali pia, kikubwa uwe na umeme wa akiba na intaneti mbili tofauti nyumbani.

Vyeti vinasaidia kupita mchujo wa kwanza. CKA ya Kubernetes ni saa 2 za kufanya kwa mikono, hiyo naiheshimu. ISTQB ya msingi, cheti cha kutesti programu, ni maswali 40 kwa dakika 60, na kama lugha ya mtihani sio lugha yako ya kwanza unaruhusiwa asilimia 25 zaidi, dakika 75, omba mapema wakati wa kujisajili maana wengi wetu hawajui wanaiacha. Lakini mimi nikimfanyia mtu intavyuu siku hizi naangalia zaidi daftari. Mtu akiniwekea mezani majaribio thelathini aliyofanya kwenye laptopu yake, utabiri, matokeo, sekunde, pale alipokosea kakiri kakosea, huyo namtaka hata kama cheti hana.

Ngazi zenyewe zinaenda hivi kwa kawaida: unaanza kuendesha testi za wengine, unaanza kuandika za kwako, halafu unakuwa wewe ndo unaamua mtambo utestiwe nini na nini kiachwe, na hiyo ya kuamua cha kuacha ndo ngumu kuliko zote maana muda hautoshi hata siku moja. Wengine wanahamia upande wa kuendesha mitambo, wengine wanakuwa wasanifu. Mimi nimebaki hapa hapa, napenda.

Wiki ya kwanza fanya hivi tu: pakua Open5GS na UERANSIM usiku bando likiwa nafuu, ziwashe, piga ping, ua AMF mara kumi, andika sekunde za kila mara kwenye daftari. Ukikwama pale ambapo uesimtun0 imetokea vizuri lakini ping ya kwenda intaneti haijibu, karibu kila mara ni moja kati ya mawili, hujawasha ip_forward au hujaweka NAT kwenye iptables, angalia hivyo kwanza kabla hujafuta kila kitu ukaanza upya, na ukiirestati mashine kumbuka vyote viwili huwa vinapotea kama hukuvisevu.